Diski Niliyoichagua kwa Miezi Mitatu

Tangu kompyuta yetu ya nyumbani ilipoanza kukohoa kila inapowashwa, mama watoto amekuwa na swali moja tu, asubuhi na jioni: "Baba Zawadi, picha za watoto ziko wapi pengine?" Nami nikawa na jibu moja, kwamba niko katika hatua za mwisho za kuchagua diski ya nje. Hatua hizo za mwisho zilichukua miezi mitatu.

Nilidhani diski inanunuliwa kama ndoo: unataja ukubwa, unalipa, unaondoka. Muuzaji akaniuliza kama nataka inayozunguka au isiyozunguka. Nikamjibu kwamba nataka inayotulia, maana kuzunguka nazunguka mwenyewe. Kumbe hakuwa na utani. Ile ya kawaida ina visahani vinavyozunguka mara 5,400, na nyingine mara 7,200, kwa dakika moja, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Ukiiangusha ikiwa kazini, kichwa kinakwaruza kisahani na picha za harusi zinabaki masimulizi. Isiyozunguka, yaani SSD, haina kinachotembea ndani, inakwenda kasi na inavumilia kuanguka, ila kwa ukubwa uleule bei yake inatia kizunguzungu, na ikifungiwa kabatini miaka mingi bila umeme, data zake zinaweza kufifia. Kwa hiyo moja inauawa na kuangushwa na nyingine na kusahauliwa, na nyumbani kwangu mambo yote mawili ni ya kila siku. Nilichukua inayozunguka, kwa kuwa mfuko wangu haukuwa na maoni mengine.

Boksi liliandikwa terabaiti 1, yaani gigabaiti 1,000. Nilipoichomeka, kompyuta ikaniambia gigabaiti 931. Nilirudi dukani nikiwa nimekunja uso, tayari kudai gigabaiti zangu 69 zilizodokolewa njiani. Muuzaji, bila hata kuinua kichwa, akanieleza kwamba mtengenezaji huhesabu kwa elfu na kompyuta yangu huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo baiti ni zilezile, kibaba ndicho tofauti. Nilishukuru kwa elimu hiyo, lakini sijawahi kuona vibaba viwili vikitofautiana halafu mnunuzi akafaidika.

Usiku huo nilianza kunakili. Mshale wa asilimia ulitembea kama kinyonga aliyefiwa, nikalala kitini, na alfajiri nikakuta kompyuta imegoma: video ya harusi ni kubwa mno kwa diski hii. Diski yenye mamia ya gigabaiti tupu inakataa video ya gigabaiti 6! Ilibidi nijue kwamba ilikuwa imefomatiwa kwa mfumo wa zamani wa kupanga faili uitwao FAT32, usiopokea faili moja inayofika gigabaiti 4 hata pakiwa na nafasi ya kuchezea mpira. Dawa yake ni kuifomati upya kwa exFAT, mfumo mpya zaidi usio na kikomo hicho, na kufomati maana yake ni kufuta vyote vilivyokesha vikiingia. Hapo ndipo mwanangu alipopita na mswaki mdomoni, akachungulia nyuma ya kompyuta na kuniuliza kwa nini nimechomeka kwenye tundu jeusi la USB 2.0 wakati la buluu, ambalo kwa maandishi ya boksi linapitisha data zaidi ya mara 10, liko hapo pembeni. Sikumjibu. Mtoto mwenye mswaki mdomoni hajibiwi.

Safari ya pili kila kitu kiliingia kabla ya adhuhuri, harusi ikiwemo. Kwa furaha nikafuta picha na video zote kwenye kompyuta ili ipumue, nikamwita mama watoto aje ajionee.

Aliitazama diski, akaitazama kompyuta, kisha akanitazama mimi.

"Kwa hiyo sasa ziko hapo tu?"

"Hapo tu," nikasema, na sauti yangu ikaishia njiani.

Hakusema neno. Aliichomoa diski taratibu kwa mikono miwili, kama anayepokea kichanga, akaifungia kabatini kwake na kuondoka na ufunguo. Mimi nilivaa viatu. Muuzaji aliniona tangu nikiwa ng'ambo ya barabara, akaniuliza kwa sauti: "Inayozunguka au isiyozunguka, mzee?"