Madalali Wanne na Taulo Moja

Ukimuuliza dalali mchanga wa nyumba maji yanatoka siku gani, atakujibu, "Maji siyo shida, mama." Ukimuuliza aliyekomaa, atakutajia siku, saa, na jirani anayeuza ndoo siku ambazo hayatoki. Mdomo wote tunao. Asiye na mdomo huishia kwenye kazi za heshima. Kinachotutenganisha ni daftari.

La kwangu nilipewa na mzee aliyenipokea kijiweni Kimara, Dar es Salaam, pembeni ya kibanda cha wakala wa pesa. Kaunta buku la kawaida, ila mistari aliichora mwenyewe: mtaa, vyumba, maji, mita ya umeme, gari linafika au halifiki, na mwishoni safu mbili za kodi. Ya kwanza ni kodi iliyotajwa, ya pili ni kodi iliyolipwa. "Hii ya kwanza kila mtu anaijua, hata muuza karanga," akaniambia. "Jaza hiyo ya pili nyumba hamsini, uone kama kuna mteja atakutetemesha." Sasa hiyo ya pili huipati kwa mwenye nyumba wala kwa dalali mwenzako, maana wote wana sababu ya kuikuza. Unaipata kwa mpangaji anayehama, kwa fundi aliyeitwa kubadilisha vitasa, na kwa bodaboda wa kituo hicho, ambaye amehamisha watu godoro kwa godoro na kusikiliza manung'uniko yao njia nzima.

Safu hizo mbili hazifanani kwa sababu ya cha juu. Mwenye nyumba anamwambia kijana wake anataka laki tatu kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo. Kijana anamwambia dalali laki tatu na ishirini. Dalali anampigia mwenzake wa kituo cha pili, naye anaongeza thelathini. Mteja akija anakuta laki tatu na nusu, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali, ambayo nayo imehesabiwa kwenye kodi iliyokwisha kuvimba. Kwa 300,000 angetoa 2,100,000 akamalizana na wote. Kwa 350,000 anatoa 2,450,000. Laki tatu na nusu imeyeyuka njiani, na kila aliyeishika ataapa hakuiona.

Basi siku moja mzee akanipigia: vyumba viwili na sebule, bondeni, iko tupu, mpangaji kahama juzi, ufunguo uko kwa muuza chipsi, kimbia. Kwenye kazi yetu ukiambiwa "kimbia," ujue wenzako walishaanza kukimbia.

Mteja wangu alikuwa mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, anayetaka kukaa karibu na wajukuu. Alikuja na mkoba mkubwa ambao moyoni nilishauhesabu kuwa una miezi sita. Kumbe ndani mlikuwa na tochi, chaja ya simu, msumari wa inchi tatu na kipande cha sabuni ya mche.

Mzee alikuwa amemwambia kwenye simu ni dakika tano kutoka lami. Kimara ni vilima na mabonde, na dakika tano za namna hiyo huwa zimepimwa na mtu aliyekaa nyuma ya bodaboda inayoshuka, breki zikiwa za kubahatisha. Mama alitazama saa tulipoiacha barabara ya Morogoro, akaitazama tena getini. "Kumi na nane," akasema. "Na hapa tumeshuka." Ukitaka kutaja dakika bila kupepesa macho, zitembee mwenyewe, mzigo mkononi, kwenda na kurudi, halafu muulize bodaboda nauli ya kiangazi na ya masika. Bondeni kule ya kiangazi ni buku. Mvua za Machi hadi Mei zikishika na udongo ukalainika, inakuwa buku mbili, na wengine wanakushusha juu kabisa: "Hapa panatosha, bosi." Nyumba ambayo gari linafika mwaka mzima na nyumba ambayo gari linafika Agosti haziwezi kuwa bei moja, hata zikipigwa rangi moja.

Muuza chipsi hakuinua hata macho kwenye karai. "Ufunguo kachukua mwenzenu."

"Yupi?"

"Wa tatu."

Geti lilikuwa wazi. Sebuleni tukakuta madalali watatu, wateja watatu, sofa, kabati la vyombo, televisheni, na pasi ikiwa imechomekwa ukutani. Dalali wa kwanza alikuwa anauza 320,000. Wa pili, 380,000. Wa tatu, kijana wa miwani, alikuwa amefika 400,000, na sababu alikuwa nayo: "Hii inakuja na samani, dada. Sofa hili peke yake ni milioni." Mimi 350,000 yangu ilikuwa mdomoni, nikaona ibaki huko huko.

Mara tukasikia maji yakimwagika uani. Wa 380,000 akainua kidole. "Mnasikia? Saa sita mchana, maji hayo! Nionyesheni bonde lingine lenye maji saa hizi." Wateja wakaitikia kwa vichwa. Na mimi niliona hoja ni nzito.

Mama hakuitikia. Alikuwa ameshawasha tochi na kuielekeza kwenye dari. Jipsamu ilikuwa nyeupe, ila penye kona kulikuwa na duara la rangi ya chai lililopakwa rangi juu yake likakataa kufunikwa. Duara moja karibu na ukuta mara nyingi ni mfereji wa bati ulioziba. Maduara mengi yaliyotawanyika ni misumari ya bati iliyolegea, na hiyo ni kazi ya kupanda juu na kukagua moja moja, siyo ya kupaka rangi. Akashuka kwenye ukuta. Rangi mpya ilikuwa imeishia kiunoni, na juu yake ya zamani. Akakwaruza kidogo kwa msumari, ukadondoka unga mweupe. Ukuta huo unavuta unyevu kutoka chini, kwa sababu msingi ulifungwa bila nailoni ya kuzuia maji, na rangi hiyo itabambuka kabla mpangaji hajamaliza miezi sita yake ya kwanza. Dalali anayeona rangi ya nusu ukuta na kuiita "imekarabatiwa" ndiye anayepigiwa simu usiku mwezi wa tatu.

Kisha akaanza kuchomeka chaja kwenye soketi, moja baada ya nyingine. Ya chumba kikubwa ilikuwa imekufa. Akatoka barazani kutazama mita ya umeme, na mimi nyuma yake na daftari langu. Kutoka kwenye mita waya mmoja uliingia ndani, mwingine ukapita juu ya ukuta kwenda kwenye vyumba vya nyuma. "Hii LUKU ni ya watu wangapi?" akaniuliza. Hilo ni swali la pesa. Mita ya nyumba yenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ina bei nafuu sana. Ikibeba familia tatu inavuka, inahamia bei ya kawaida, na hapo ukinunua ya 10,000 unaambulia uniti kama 28, kisha mnaanza kununiana kwa sababu ya friji la fulani. Mteja akipewa mita yake peke yake, hata kodi ikizidi kwa ishirini, wengi hulipa bila kelele.

Akaingia jikoni, akafungua bomba. Likakohoa mara mbili, likanyamaza.

"Jikoni hakuna maji," mama akasema taratibu, "bafuni yapo." Akatoa kipande chake cha sabuni. Kipimo chake kilikuwa rahisi: sabuni ikikataa kutoa povu, maji ni ya kisima cha chumvi, yatakula mabomba na birika la kuchemshia na nguo nyeupe. Akaelekea bafuni.

Kijana wa miwani akaona hapa ndipo pa kumnyang'anya mtu mteja. Akatutangulia mbio, mkono kwenye kitasa. "Karibu mama, ujionee bafu la kisasa, vigae mpaka juu!"

Akafungua.

Vigae vilikuwepo mpaka juu. Na mpangaji alikuwepo.

Mlango ulifungwa kwa kasi ambayo kitasa kile hakijawahi kuiona. Maji yakakatika. Tukarudi sebuleni kimyakimya, watu wanane, kila mmoja akitafuta pa kuweka macho. Alipotoka alikuwa amejifunga taulo moja la bluu, mkono mmoja umelishika, povu limejaa sikio la kushoto.

"Nani kawapa ufunguo wa nyumba yangu?"

Madalali tukatazamana. Mnyororo ule wa simu, ambao asubuhi kila mtu alitaka kuwa wa mwisho, sasa kila mtu alitaka kuwa wa kwanza kutokuwemo. Yule jamaa akapepesa macho, akamwona mama. Adabu ikamshinda hasira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Utusamehe, tumekukatisha." Mama akamtazama sikioni. "Povu zuri. Maji si ya chumvi." Akarudisha sabuni mkobani. "Unalipa kiasi gani hapa?"

"Laki mbili na nusu."

Kijana wa 400,000 akakaa kwenye sofa la milioni.

"Mpaka lini?"

"Desemba mwishoni. Risiti ninayo. Mwenye nyumba kaniambia Januari anataka laki tatu, nikamjibu nitafikiria. Kumbe yeye alishamaliza kufikiria."

Hapo ndipo simulizi ya "kahama juzi" ilipoeleweka ilivyozaliwa. Mwenye nyumba alisema mpangaji huenda akahama. Kijana wake akasema anahama. Muuza chipsi akapewa ufunguo wa akiba. Ilipofika kwa mzee wangu alikuwa ameshahama, na kama mnyororo ungeongezwa dalali mmoja angekuwa amezikwa. Kwa hiyo kabla hujampigia mteja kuna mambo ya kumbana nayo aliyekuletea habari: ndani anaishi nani, kodi yake inaisha tarehe gani, na yeye mwenyewe anajua kama watu wanakuja kuangalia? Aliyelipia mpaka Desemba, nyumba ni yake mpaka Desemba, na ufunguo wa akiba hauibatilishi risiti. Piga simu kwa mpangaji, siyo kwa muuza chipsi.

Jamaa angeweza kutufukuza. Lakini mama alishamuuliza habari ya dari, na inaonekana kwa muda mrefu hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya dari. Akaanza kututembeza, mkono ukiwa bado kwenye taulo.

Maji ya bomba, ya mtambo wa Ruvu Juu, yanatoka Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa saba usiku, na ukilala umeyakosa. Ya bafuni ni ya simtanki la lita 1,000 lililo uani juu ya mnara wa tofali, na jikoni bomba halijaunganishwa nalo kwa sababu fundi aliondoka na hela ya viungio. Boza la maji halishuki bondeni wakati wa masika, hivyo simtanki likiisha ni madumu, na madumu yanapanda bei mvua inavyozidi, jambo ambalo bado anatafuta mtu wa kumweleza. LUKU ni ya familia tatu. Kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa humo humo mtu anaponunua umeme, ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo ya kila mwezi ameiandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji: 1,500, 1,500, 1,500, mpaka chini. Hajarudishiwa hata moja. Chemba inajaa haraka kwa kuwa vyumba vya nyuma vinaitumia, na gari la kunyonya linahitaji kiangazi kama boza.

Wateja wote wanne walikuwa wamemzunguka. Yule dada wa samani alikuwa anaandika kwenye simu. Nami nilikuwa nimefungua kaunta buku, safu ya pili, nikaandika 250,000 kwa mkono ulionyooka. Hakuna dalali kati yetu aliyejua hata nusu ya hayo, na asubuhi ile wote tulikuwa tunajiamini kupindukia. Wa 320,000 akajaribu kumuuliza jamaa kama majirani ni wastaarabu, akajibiwa, "Walikuwa wastaarabu mpaka leo."

Wateja wakaanza kuaga. Wa 380,000, ambaye haoni aibu hata kwa bahati mbaya, akamkumbusha wake hela ya kutembezwa, 10,000, kama walivyokubaliana. Wateja wengine wakasikia, wakaingiza mikono mifukoni shingo upande. Mama naye akatoa noti ya elfu kumi. Nikasogea.

"Samahani," akasema mwenye taulo. "Nyumba hii kawatembeza nani?"

Pakawa kimya. Mama akainyoosha ile noti, akaipitisha mbele ya pua yangu, akampa. Mmoja mmoja, wateja wengine wakamfuata. Jamaa akazikunja elfu arobaini zake kwa mkono mmoja, akazibana kwenye fundo la taulo, akauliza kama kuna mwingine anayetaka kuiona chemba.