Mzigo Umefika Bosi

Ukitaka kununua nyumba Uingereza, tafuta wakili makini na marafiki wasiopenda utani. Mimi wakili nilimpata.

Ilikuwa 2023, Coventry. Baada ya miaka kumi na moja ya kuhamahama nyumba za kupanga, mimi na Baba Zuhura tulipata kijumba cha matofali mekundu, vyumba vitatu, kimebanana na wenzake kama dagaa kwenye fungu. Bei paundi 230,000. Benki ikakubali kutukopesha asilimia 90, kwa hiyo sisi tulitakiwa kutoa 23,000. Akiba yetu ilikuwa 17,500. Hizo 5,500 zilizobaki nilikuwa na uhakika nazo kuliko mshahara, maana zamu yangu ya mchezo ilikuwa imefika.

Mchezo wetu una wanawake kumi na wawili, wote wa Tanga, kila mmoja anatoa paundi 500 kwa mwezi. Kijumbe wetu, Mama Nasra, hashiki hela za watu. Kila mtu anamrushia mwenye zamu moja kwa moja, yeye kazi yake ni kuandika na kugomba. Jumamosi zikaanza kuingia, Jumapili jioni zikatimia. Kumi na moja mara mia tano. Nikachinja, maana yake nilinunua kuku wa dukani nikamkata kwa furaha.

Wakili wetu alikuwa mama wa Kiingereza mpole, sauti kama ya mtangazaji wa taarifa ya msiba. Mimi nilidhani kazi yake ni kugonga muhuri. Kwetu Tanga unakaa na muuzaji, anakuja mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi, mnaandikishana, na bado usiku hulali ukiwaza kama nyumba ina ndugu sita wa mama mwingine. Ndiyo maana kuta zimejaa maandishi NYUMBA HII HAIUZWI. Huku wakili alilipa paundi 3 tu, akatoa nakala ya daftari la ardhi, jina la mwenye nyumba hilo hapo. Nikasema kumbe rahisi!

Halafu ukaja uchunguzi. Maji na mabomba, mipango ya halmashauri, hata makaa ya mawe, maana Coventry ilikuwa na mgodi wake hadi miaka ya 1990. Muuzaji naye alijaza fomu ya vitu anavyoacha, mpaka kishikio cha karatasi ya chooni. Kisha wakili akatuandikia kwamba kuna uwezekano, mdogo, wa wenye nyumba wa eneo hilo kudaiwa gharama za kukarabati kanisa la zamani, upande wa madhabahu. Tukadhani ni mzaha. Kumbe ni sheria ya zama na zama, na 2003 mahakama ya juu kabisa iliamua hivyohivyo dhidi ya mtu na mkewe wa kijiji cha Aston Cantlow, hapo jirani Warwickshire.

"Yaani niswali msikitini," Baba Zuhura akasema, "halafu nikapaue kanisa?"

Kuna bima yake, unalipa mara moja, haifiki hata bei ya kilo kumi za mbuzi. Tukalipa mbiombio.

Jumanne moja nikiwa kazini, wakili akapiga simu. "Si jambo kubwa," akasema. Mwingereza akikwambia si jambo kubwa, tafuta kiti. "Kuna malipo kwenye taarifa yako ya benki ambayo tungependa utufafanulie. Ni vizuri mje wote wawili."

Sasa hapa lazima nieleze kitu. Unapomrushia mtu hela huku, benki inakupa herufi 18 za kueleza malipo ni ya nini, nafasi zikiwemo. Mwingereza huandika "kodi" au "gesi", basi. Mtu wa Tanga ukimpa herufi 18 anakutungia shairi.

Tulipoingia ofisini, karatasi ilikuwa mezani imechapwa vizuri. Kushoto maneno ya mashoga zangu, kulia tafsiri ya programu ya simu. Nikasoma upande wa kulia, jasho likaanza kwenye nyayo.

KULA CHUMA HICHO, tafsiri yake, mtu anaamriwa atafune chuma. CHUKUA ROHO YANGU, mtu anaomba auawe. MZINGA WAKO HUO, huo wa binti mmoja niliyemzoesha kumpiga mizinga kila mwisho wa mwezi, programu imeandika ni silaha nzito, imeshafika. Msusi wetu, mtu wa watu, yeye aliandika NYWELE. Wakili akataka kujua nywele za nani. Na juu kabisa, imepigiwa mstari wa wino mwekundu, ya yule binti wa Korogwe: MZIGO UMEFIKA BOSI. Nilihesabu baadaye. Herufi 18 kamili, hakupoteza hata moja.

"Mzigo gani huu?" wakili akauliza. Alilitamka "emzigo".

"Ni hela."

"Kwa nini asiandike hela?"

"Sisi hela tunaziita mzigo."

Akaandika. "Na bosi ni nani?"

"Mimi."

Baba Zuhura akanikanyaga chini ya meza. Too late, kama wanavyosema wao.

Wakili akaeleza, kwa upole uleule, kwamba kanuni za 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha zinamtaka ajue kila paundi imetoka wapi, na kwamba watu kumi na mmoja wasio ndugu kukutumia kiasi kilekile ndani ya siku mbili ni mfano wanaofundishwa darasani. Nikamweleza mchezo. Akasikiliza, akauliza kundi limesajiliwa wapi.

"Kwa Mama Nasra," nikasema.

Ikabidi Mama Nasra aletwe. Alikuja amejitanda mtandio wa shughuli, kaunta buku kwapani. Kaunta buku lile limeanza 2014, lina alama za mafuta ya sambusa na mistari iliyopigwa kwa rula. Wakili akalifungua kama msahafu. Tatizo Mama Nasra haandiki majina. Anaandika Mama Chai. Mnene wa Leicester. Mnene wa Pili. Yule Nesi. Wakili akawa anageuza kurasa taratibu, mpaka akafika 2018, kidole kikasimama. Pembeni ya majina manne kuna neno kubwa, KAFA. Akachukua simu yake, akatafsiri. Akaishusha simu mezani.

"Hawa wanne," akasema, "wamefariki?"

"Hawajafariki," Mama Nasra akajibu, nami natafsiri, "hao wamenifia mimi. Wamekula zamu zao wakahamia Birmingham."

Basi ikaamuliwa kila mmoja alete barua, kitambulisho na taarifa za benki za miezi mitatu. Wanane walileta. Watatu waligoma, mmoja kwa sababu mumewe hajui kwamba ana akaunti hiyo, na mimi siwezi kumlaumu. Paundi zao 1,500 ikabidi niwarudishie, tukasubiri mshahara wa Baba Zuhura ujazie. Wiki tatu. Na huku nyumba zinakwenda kwa mnyororo: muuzaji wetu alikuwa ananunua Nuneaton, wa Nuneaton ananunua kwa mwingine, naye anamsubiri bibi mmoja ahamie kwa mwanawe. Familia nne zimefungasha masanduku, zinakunywa chai kwenye vikombe vya karatasi, zinasubiri roho ya mtu.

Tulibadilishana mikataba Jumatano, funguo tukazipata Ijumaa ya wiki iliyofuata. Dalali akasema hongera. Muuzaji alikuwa ameacha kishikio cha karatasi ya chooni, kama alivyoandika. Karatasi yenyewe alihama nayo.

Mama Nasra akaitisha kikao sebuleni kwangu, bado hatuna makochi, tumekaa mkekani. Akatoa agizo: kuanzia leo hakuna mashairi benki. Mtu aandike jambo safi, linaloeleweka hata kwa mwanasheria. Binti wa Korogwe akaitikia kwa adabu kuliko wote.

Mwezi uliofuata zamu ilikuwa ya Mnene wa Pili, naye yuko mbioni kununua, na wakili ni yuleyule, nilimpa namba mwenyewe. Jumatatu asubuhi akanipigia, anahema.

"Mama Zuhura, huyu mtoto wa Korogwe kaniua."

"Kaandika nini?"

"HELA SAFI SIO UNGA."

Nikahesabu kwa vidole. Kumi na nane.

"Wakili kasemaje?"

"Kaitafsiri. Ananiuliza kwa nini mtu ajitetee kwamba hela zake si unga wa ugali. Nimjibu nini, dada?"

"Mwambie sisi watu wa pwani, tunakula wali."