Ukibamiza Tu, Imejifunga

Mimi ni fundi AC. Ofisi yangu ina magurudumu manne: Toyota Townace nyeupe, kuukuu, ambayo ndani yake kuna pampu, geji, mtungi wa gesi, ngazi na kila kinachofanya niitwe fundi badala ya "yule kaka wa Kimara".

Siku moja nilikuwa Kijitonyama, juu ya ngazi, nafunga AC ghorofa ya kwanza. Kushuka chini, mlango wa nyuma wa gari uko wazi kama mdomo wa abiria aliyesinzia kwenye daladala. Grinda hakuna, drili hakuna, na roli nzima ya bomba la shaba imekwenda zake. Kituoni nikapewa RB. Afande akauliza, "Risiti unayo? Namba ya mashine je?" Risiti ningeitoa wapi, na wakati wa kununua mimi ndiye niliyembembeleza muuzaji tusisumbuane na mambo ya risiti ili anipunguzie? Nikamwambia grinda ina alama: herufi H.M. tumboni, nimechora kwa rangi ya kucha ya mke wangu, ya pinki. Akaacha kuandika, akanitazama, akaendelea kuandika.

Shemeji yangu yuko Birmingham, fundi bomba, naye ana van. Nilipomwambia yaliyonikuta akanitumia sauti ya dakika tisa. Kumbe huko nako kilio ni hicho hicho. Wezi wa kule huusukuma mlango wa ubavuni kwa goti, wakaukunja kuanzia juu kama kopo la samaki, na funguo hawazihitaji. Mafundi huegesha gari mgongo umegusa ukuta, na wengine hubandika tangazo kwamba usiku gari halina vifaa. Akaendelea kueleza kuhusu makufuli ya ziada: lipo la kugeuza kwa ufunguo, na lipo la kujifunga lenyewe, ukibamiza tu mlango, imekwisha. Hapo nilikuwa dakika ya nne. Mteja akapiga simu, nami nikaona niliyosikia yanatosha.

Nilianza na tangazo, maana ndilo rahisi. Nikaandika nyuma kwa rangi nyekundu: GARI HILI HALILALI NA VIFAA. Siku ya tatu nikakuta mtu ameandika chini yake kwa kidole, kwenye vumbi: VINALALA WAPI? Mke wangu hakucheka. Vilikuwa vinalala chini ya kitanda chake.

Basi nikapeleka gari kwa fundi wa kuchomelea. Akaweka nondo kwenye vioo vya nyuma, akaongeza bati nene mlangoni, akatega na lile kufuli la kujifunga kwa ubunifu wake mwenyewe. Shilingi 180,000. Nilibamiza mlango mara kumi kwa raha ya kusikia ule mlio. Kacha!

Wiki iliyofuata nikaitwa saluni moja Sinza. Ilikuwa Februari, joto la Dar mnalijua, wanawake wako chini ya draya na AC inatema hewa ya moto. Gesi ilikuwa imevuja. Nilirudi garini kuchukua vifaa: pampu mkono wa kulia, geji shingoni, ekstensheni kwapani. Funguo nikaziweka kidogo tu juu ya mtungi, ili nipate mkono. Kisha nikausukuma mlango kwa kiuno.

Kacha!

Milango ya mbele nilikuwa nimeshaifunga, kwa nidhamu. Ufunguo wa akiba nao nilikuwa nimeuficha mahali ambapo mwizi hafiki: ndani ya boksi la vifaa, ndani ya gari.

Watu wakajaa. Bodaboda mmoja alileta waya wa kutundikia nguo, akahangaika nao kwenye dirisha la mbele hadi jasho likamtoka, akasema, "Hii siyo gari, hii benki." Nakiri, kwa sekunde mbili nilijisikia vizuri. Mama mwenye saluni akatoka na taulo begani.

"Fundi, hilo si la kukata kwa grinda tu?"

"Ndiyo, mama."

"Huna grinda?"

"Ninayo. Mpya kabisa."

"Iko wapi?"

Nikaonyesha gari kwa kidole.

Bodaboda akaenda mtaa wa pili, akarudi na kijana amepakata grinda. Elfu kumi na tano, tena mkononi kwanza. Umeme tukavuta saluni. Cheche ziliruka, wateja wakatoka na rola zao kichwani wakirekodi, na kufuli langu likaanguka chini. Kijana akazima mashine, akailaza chali pale sakafuni apanguse jasho.

H.M. Pinki.

"Kijana, hii grinda umeipata wapi?"

"Nimenunua, broo. Elfu arobaini."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

Huyo mtu ana biashara kubwa sana mjini hapa. Nikaanza kupiga kelele kwamba grinda ni yangu, ushahidi ni rangi ya kucha, na ndipo nikajisikia nilivyo: mwanamume mzima nabishania rangi ya kucha mbele ya saluni. Aliyeniokoa ni mama. Alivaa miwani, akainama, akakwangua kidogo kwa ukucha. "Ni rangi ya kucha kweli," akatangaza, "tena amepaka mikono miwili." Umati ukapokea hukumu.

Kijana aliapa hakujua kama ni ya wizi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetapeliwa. Tukaelewana nimpe 25,000, na ile 15,000 ya kukata isirudi. Nilifika Ubungo ndipo nikapiga hesabu: kijana hakupoteza hata senti.

Usiku, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani, nikakaa kitandani nikamalizia ile sauti ya shemeji. Dakika ya sita: "Ila hilo la kujifunga, shemeji, usithubutu. Hilo ni la wapeleka vifurushi. Wewe fundi una mikono miwili na vitu sita."