Daraja la Tay: lawama zote ni za Bouch?

Ukisoma habari za lile daraja la reli la Tay, kule Dundee, Scotland, karibu kila mtu anammalizia lawama Thomas Bouch, injinia aliyelichora. Lilifunguliwa 1878, mwaka uliofuata Malkia Victoria akapita juu yake na jamaa akapewa cheo cha Sir, miezi michache tu baadae, usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, dhoruba ikapiga na boriti zote 13 za juu za katikati zikaingia mtoni pamoja na treni, hakupona mtu.

Wanaomtetea wana hoja, tena nzito. Mkaguzi wa serikali alilipitisha. Wapimaji walimwambia chini kuna mwamba imara kumbe hakuna, ikabidi abadili nguzo za matofali aweke za chuma, nyepesi zaidi. Halafu kule kwenye karakana, nguzo zikitoka kwenye kalibu na matundu walikuwa wanayaziba kwa nta iliyochanganywa na masizi na chenga za chuma, ukiangalia kwa nje unaona chuma kizima kabisa! Hilo Bouch hakulifanya kwa mkono wake.

Sawa, lakini nani alitakiwa kuangalia? Mtu ambaye Bouch alimweka kulitunza daraja, Henry Noble, ujuzi wake ulikuwa matofali, sio chuma. Akasikia vyuma vya kukaza nguzo vinagongana maana vimelegea, akachomekea vipande vya chuma vikanyamaza, bila kumwambia bosi wake. Namwonea huruma Noble kwa kweli, alipewa kazi isiyo yake.

Kinachonifanya nisimwachie Bouch ni upepo. Aliulizwa kwenye uchunguzi, akakubali hakuweka hesabu yoyote maalum ya upepo, na hapo ni kwenye mdomo wa mto ulio wazi kabisa. Ni kweli enzi zile Uingereza haikuwa na kipimo rasmi cha upepo kwa madaraja, na hata wachunguzi watatu wa ajali hawakuwa kauli moja, Rothery alimbebesha Bouch mzigo mkubwa ila Yolland na Barlow wakaona kugawa lawama sio kazi yao. Mimi niko na Rothery kwenye mchoro, kwenye ukaguzi serikali nayo ilitakiwa ijibu. Bouch alifariki Oktoba 1880, na mchoro wake wa daraja jingine la reli huko huko Scotland, la Forth, ukawekwa kando, mainjinia waliolijenga, Fowler na Baker, walihesabu msukumo wa upepo wa paundi 56 kwa kila futi ya mraba.