Maji maangavu, bahari yenye njaa

Kila Februari na Machi simu hujaa picha za bahari ya Unguja: maji ya samawati, kivuli cha ngalawa kinaonekana kwenye mchanga chini. Mjomba wangu, aliyevua dagaa kwa taa tangu ujana wake, akionyeshwa picha hizo husonya. "Mazuri kuogelea," huniambia. "Ila hayana kitu."

Nilidhani ni maneno ya mvuvi aliyerudi na ndoo tupu. Kumbe hakukosea. Uangavu ule ni dalili ya uchache wa planktoni, vijimea visivyoonekana kwa macho ambavyo ndiyo malisho ya bahari. Vikizidi, maji huingia ukijani na ukungu. Vikipungua, sisi tunapiga picha.

Fikiria chai iliyotiwa sukari bila kukorogwa. Ukionja juu huisikii sukari, maana imelala chini ya kikombe. Bahari ya kwetu iko hivyo. Jua hupasha maji ya juu yakawa mepesi, yakaelea juu ya yale ya chini yaliyo baridi na mazito, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki kirahisi. Naitreti na fosfeti, yaani mbolea ya vijimea, hurundikana chini kwa sababu kila kinachokufa huzama na kuozea huko. Kijimea kinataka jua, na mbolea yake iko gizani.

Kijiko chetu ni upepo. Wakati wa kaskazi na matlai bahari hutulia, na maji ya juu hufika nyuzi 29 hivi. Kusi ikishika, Mei hadi Septemba, maji hupoa hadi nyuzi 25 au 26, tabaka la juu hukorogwa kwenda chini zaidi, na setilaiti huonyesha klorofili, ile rangi ya kijani ya vijimea, ikiongezeka pwani yetu Julai na Agosti. Upepo uleule unaomfungia mvuvi nyumbani ndio unaomlishia samaki wake. Somalia ni kishindo: huko upepo hupita sambamba na pwani, husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji ya kina hupanda kushika nafasi. Karibu na Ras Hafun joto la bahari huweza kushuka chini ya nyuzi 20. Kwetu kusi haipandishi maji namna hiyo. Inakoroga tu, nasi tunaishi kwa huo mkorogo.

Na si kila mahali kukoroga ni neema. Mwaka 1953 mtaalamu wa bahari Mnorwe, Harald Sverdrup, alieleza kwamba Atlantiki ya Kaskazini, wakati wa baridi, maji hukorogeka kwa kina mno hadi vijimea vinapelekwa gizani, vikasubiri tabaka lijengeke upya ndipo visitawi. Wapo waliompinga baadaye. Lakini tofauti ni muhimu: wao hupungukiwa jua, sisi hupungukiwa mbolea. Tabaka linalowafaa wao ndilo linalotukaba sisi.

Ndiyo maana mikutano yetu ya uvuvi hunichosha. Samaki wamepungua? Nyavu. Mwaka ujao? Nyavu tena. Sitetei kokoro wala baruti. Lakini mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Mathew Koll Roxy wa India walionyesha kuwa planktoni za magharibi ya Bahari ya Hindi zilipungua kwa hadi asilimia 20 ndani ya miongo sita, kwa sababu joto limekaza tabaka na mbolea haipandi. Hilo huwezi kulikamata kwa doria. Ukimpiga mvuvi faini bila kujua maji yake yana malisho kiasi gani, unakisia tu.

Ninachotaka ni kidogo. Boti za dagaa hulala baharini usiku kucha taa zikiwaka. Zipewe vipimajoto vya kushushwa kwa kamba: juu, mita 30, mita 60, ili tuone tabaka limekaza kiasi gani, na namba ziandikwe pamoja na ndoo zilizopatikana. Mjomba nilipomweleza alicheka, kisha akauliza kamba iwe ya unene gani.