Kalinzi na cheti: udongo wetu kati ya mila na maandishi

Mama mmoja wa Kabare, huku kwetu Kivu ya Kusini nchini Kongo, mjane, alifungua mfuko wa plastiki uliofungwa fundo mara tatu, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mpaka ikaanza kukatika kwenye mikunjo. Kalamu ya bluu: ng'ombe wawili, jina la marehemu mume wake, mashahidi watatu na alama za vidole gumba. Hiyo ndiyo kalinzi yao, yaani haki ya shamba waliyopewa kwa mila. Kwa majirani wote wanaoujua ule mstari wa minyaa, shamba ni lake. Akishuka nayo Bukavu kwenye ofisi ya ardhi, ni karatasi ya daftari.

Wengi hapa mjini hueleza jambo hili kwa urahisi: mila ni ya zamani, sheria ni ya kisasa, na ya zamani lazima ipishe. Sikubali, kwa sababu hata sheria ya maandishi ina mababu zake. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba ililetwa na Dola ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo wakati huo, kwa mfano wa sheria ya Ubelgiji, nayo Ubelgiji iliirithi kutoka kwa Napoleon, aliyetangaza kitabu chake cha sheria za kiraia mwaka 1804. Waandishi wa kitabu hicho walichota sehemu moja kwa Waroma, katika sheria zilizokusanywa na mfalme Justinian huko Constantinople katika karne ya 6. Sehemu nyingine waliichota kwenye mila za Ufaransa ya kaskazini. Naam, mila! Mwaka 1454 mfalme Charles VII aliagiza mila za kila jimbo ziandikwe; ile ya Paris iliandikwa mwaka 1510, ikarekebishwa mwaka 1580. Wenzetu waliandika mila kwanza, kitabu cha sheria kikaja baadaye. Kwetu kitabu kilitangulia, mila ikabaki mlangoni ikisubiri.

Na imesubiri sana. Tarehe 1 Julai 1885 ilitangazwa kwamba udongo usio na mwenyewe ni mali ya Dola. Lakini nani aliamua kwamba hauna mwenyewe? Shamba lililopumzishwa, malisho, msitu wa kuni: machoni pa mgeni vyote vilikuwa vitupu. Huku Bushi, nchi ya Washi yenye Kabare na Walungu, milima mizima iliishia mikononi mwa walowezi, na uzairishaji wa mwaka 1973, yaani kunyang'anya wageni mali na kuwapa Wazaire, ukaipitisha kwa wakubwa wapya bila kuirudisha kwa wakulima. Mwaka huohuo, tarehe 20 Julai, sheria ya ardhi ikasema katika kifungu cha 53 kwamba udongo ni mali ya Dola peke yake, na Dola haiwezi kuuachia mtu. Kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki za wanaokaa kwenye udongo wa mila zingepangwa kwa amri ya Rais. Miaka zaidi ya 40 ikapita bila amri hiyo. Yule mama wa Kabare anaishi ndani ya ahadi hiyo.

Sasa niseme kalinzi ni nini hasa, maana anayeiita ununuzi anakosea. Mtu alimpelekea mwami, yaani chifu wa mila, au mjumbe wake, ng'ombe. Leo mara nyingi ni pesa. Akapata haki ya kulima na kuwarithisha watoto, lakini pia akawa mtu wa mwami huyo, mwenye deni la heshima kwake na haki ya kulindwa naye. Asiyeweza kulipa alichukua bwasa, udongo wa kukodi kwa msimu, akaulipia kwa siku za kazi. Utaratibu huu ulikuwa na nguvu moja ambayo kadasta, daftari la serikali la mashamba na mipaka, haina: kila mtu kijijini ni shahidi.

Wanaoitetea sheria ya maandishi wana hoja nzito hata hivyo, na nyingine inaniuma. Chifu anaweza kugawa shamba moja mara mbili, halafu nani wa kumshitaki mbele yake mwenyewe? Na wanawake je? Nilikaa kwenye kikao cha familia baada ya matanga, binti wa kwanza wa marehemu akauliza fungu lake. Baba yake mdogo alimjibu kwa upole kabisa: "Weye utaolewa, utapata udongo kwa bwana yako." Hakuna aliyeona ubaya katika jibu hilo, wala mimi sikufungua kinywa, jambo ninalojutia. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inasema watoto wanarithi sawa, wa kike na wa kiume. Hapo mimi niko upande wa maandishi moja kwa moja.

Lakini maandishi nayo huumiza. Cheti cha usajili, ambacho mfumo wake ulitokana na sheria ya Torrens ya Australia Kusini ya mwaka 1858, kisipopingwa ndani ya miaka miwili kinakuwa kigumu kung'oa. Mkulima wa Walungu asiyesoma Kifaransa atajuaje kwamba kuna mtu mjini ameandikisha kilima chake?

Je, tuiandike mila basi, kama Wafaransa? Naogopa. Atakayeulizwa mila inasema nini ni chifu na wazee wanaume, na maneno yao yakishapigwa muhuri yatagandamana. Ningependa tuandike kitu kingine: nani analima wapi, mpaka wake uko wapi, na jina la mke liwe kando ya la mume. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inatoa hati ya hakimiliki ya kimila, na Uganda ina cheti cha aina hiyo tangu sheria yake ya mwaka 1998. Huko pia ugomvi wa ardhi haujaisha, ila mkulima ana kitu cha kumwonyesha hakimu.

Katiba yetu ya mwaka 2006 haizuii. Kifungu cha 34 kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila, na cha 153 kinawaruhusu mahakimu kutumia mila isiyovunja utulivu wa umma na maadili mema.

Binti yule alirudi kwa baba yake mdogo mara tatu. Mara ya tatu walitembea pamoja kwenye mpaka, wakahesabu hatua, wakaandika karatasi mpya yenye jina lake na mashahidi wanne. Iko kwenye mfuko wa plastiki.