Hakuna aliyekufa, nimekuja kutembea tu

Juzi stendi ya Moshi mpiga debe wa gari za Mwanga alinitazama kuanzia buti hadi begi la mgongoni, kisha akaniuliza kwa sauti iliyowafikia hadi wauza karanga: "Dada, mzungu wako yuko wapi?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ukinuna stendi umekwisha. Lakini lilinikaa kooni. Kwa hesabu za stendi, Mswahili mwenye begi kubwa namna ile ni mpagazi, na mpagazi lazima awe na wa kumbebea.

Nikaenda zangu. Kutoka Mwanga nikapanda Noah ya Usangi, juu ya milima ya Upare, watu wanne kwenye kiti cha watatu na kuku chini ya miguu, gari likizunguka kona baada ya kona mpaka joto la bondeni likakatika ghafla. Huko juu swali likageuka, likawa la adabu zaidi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Msiba ni kwa nani?"

Nikamwambia hakuna msiba, nimekuja kuona msitu wa Kindoroko. Akanyamaza. Akaliangalia begi, akaniangalia mimi, halafu akaniuliza taratibu kama nyumbani wanajua niliko.

Simlaumu bibi. Sisi ndivyo tulivyo: milimani hakupandwi bila sababu, na sababu zinajulikana. Msiba, harusi, kipaimara, Krismasi, au kesi ya shamba (na kwa watani zangu Wapare, kesi moja ya shamba inakutosha safari za maisha yako yote). Kwenda kuona tu ni kazi ya wageni. Cha ajabu, kina mama wa Usambara wanapita vijia vilevile peke yao kila siku wakiwa na kuni kichwani, wala hakuna anayewashangaa. Ukitembea umebeba kuni, wewe ni mtu mzima mwenye akili timamu. Ukitembea umebeba hema, upelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Matokeo yake ni kwamba hatuijui milima iliyo dirishani kwetu. Kila Desemba sisi Wachagga tunajazana kwenye mabasi ya kutoka Dar es Salaam, tunapita Mombo, Same, Mwanga, na milima ya Usambara na Upare iko mkono wa kulia saa nzima baada ya saa nzima. Tunaona nini? Mkonge, mawe, mibuyu, vumbi. Jirani kwenye kiti anasema "huku kukavu jamani, wanaishije?" halafu analala. Hajui kwamba barabara imepita kisogoni. Mvua inatoka Bahari ya Hindi, inaikuta milima kwa upande wa mashariki, inamwaga mzigo wake kule na kule juu, na Same inaachiwa upepo. Kule juu ndiko kuliko na misitu: Kindoroko, Chome na kilele chake cha Shengena kinachozidi mita 2,400, Magamba, Shagayu. Hiyo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale yenye misitu, ambayo wataalamu wanavuka bahari kuja kutafuta vyura na mimea isiyopatikana pengine popote duniani. Sisi tunaipita tukiangalia muvi kwenye runinga ya basi. Hata lile ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo Wazungu wanalipanda kwenye vyungu madirishani kwao, lilifika Ujerumani enzi za mkoloni bila mtu kuliuliza nani kafariki.

Mtaniambia sasa kuna utalii wa ndani. Upo. Ni Coaster ya kukodi, fulana za kufanana, spika, maporomoko ya Materuni pale Moshi, picha, nyama choma, nyumbani. Sina ugomvi na Coaster. Nina ugomvi na spika.

Lakini panda basi mpaka Lushoto, uache mji nyuma, uanze kupandisha kwa miguu kuelekea Magamba. Baridi inakupokea kabla ya miti. Kisha unaingia kwenye kivuli ambacho udongo wake haukauki. Shina la mti wa mkulo limevaa kuvu mpaka huoni gome, na ukisimama kutafuta pumzi unasikia matawi yakipigwa juu, unainua kichwa, ni mbega wanahama na mikia yao myeupe. Ungekuwa ndani ya gari ungeyapita hayo yote ukilalamikia mtandao.

Sawa, nakubali, tena shingo upande: ndani ya hifadhi chukua kibali na kiongozi. Ukungu ukishuka, kijia chako na njia ya nguruwe vinafanana. Na kwa sisi wanawake kuna kodi ya ziada. Naacha ratiba nyumbani, nafika kijijini kabla ya giza, najitambulisha kwa watu ambao kaka yangu angewapungia mkono tu akapita. Gesti moja niliandika kwenye kitabu cha wageni, sababu ya safari: kuangalia msitu. Mhudumu akasoma, akakata kwa kalamu, akaandika "biashara". Akanieleza kwa upole kabisa kwamba polisi wakija kukagua, afadhali hivyo.

Kwa anayetaka kujaribu: gari za milimani zinafuata soko, hazikufuati wewe. Zinashuka alfajiri na watu na mazao, zinapanda mchana. Ukifika Mwanga asubuhi utakaa, basi kaa, kunywa chai. Kutoka Lushoto hadi kijiji cha Mtae ukiitembea kwa kupumzika, masista wa Rangwi, njiani, hupokea wageni wa kulala. Aprili usiende, utelezi utakumaliza. Na buti zisiwe mpya.